Tangi la Samaki Lililokuwa Kabati la Maandazi

Usiku wa kuamkia leo niliota nipo kwenye meza yangu ya mapokezi, nimevaa sare na kukaa wima kama ninavyokaa kila siku, mara mlango ukafunguka ikaingia ndoo ya maji. Haikubebwa na mtu. Ilikuja yenyewe, ikajikongoja mpaka mbele ya meza, ikatua.

"Habari za hapa," maji yakasema. "Nahitaji chumba."

Kabla sijaendelea nieleze maji yalikuwa yanatafuta nini. Mimi naitwa Subilaga. Nafanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni huku Mbeya, karibu na Mwanjelwa. Mwenye nyumba ni Bwana Ambakisye, na sisi wafanyakazi tunamwita Bosi. Juzi juzi alisafiri kwenda Dodoma, akalala hoteli yenye tangi la samaki ukumbini, tangi lililopandwa majani ndani yake kama bustani. Alirudi hana habari nyingine. Akasema na sisi tuwe nalo kabla ya Jumamosi, kwa sababu kuna watu wa semina wanakuja kulala. Akanipa kabati la kioo lililokuwa la kuuzia maandazi kwenye mgahawa wake uliokufa, tyubu ya gundi ya kuzibia nyufa, na maneno haya: "Subi, usitumie hela. Tumia akili."

Nikatumia akili. Udongo nilichota kwenye bustani ya mbele, mchanga nikautoa mtoni, majani nikayang'oa kwenye mfereji wa kumwagilia mboga, na maelekezo nikayasoma kwenye simu. Kitu ambacho akili haikuweza kukitoa ni mwanga. Majani ya majini yanataka taa, na taa ni hela.

Bosi akalitatua hilo mwenyewe. Aliingia chumba cha wafanyakazi, ambako nalala mimi na dada Tumpe anayesafisha vyumba, akapanda na viatu juu ya kitanda cha Tumpe, akafungua balbu yetu. Chumba kile zamani kilikuwa stoo ya mkaa. Hakina dirisha. Tulipowahi kumwuliza habari za dirisha alisema Mbeya hakuna joto, dirisha la nini. Safari hii alisema sisi humo tunaingia kulala tu, na kulala hakuhitaji taa. Tangu hapo tunavaa kwa kupapasa. Kuna asubuhi Tumpe aliwapelekea wageni chai amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu mwingine. Sikusema kitu. Kazi hii ndiyo inayomsomesha mdogo wangu.

Basi, nikayauliza maji kama yana kitambulisho. Yakasema hayana umbo, sasa hiyo picha ya kitambulisho yangepigaje. Yakaeleza kuwa yametoka bombani asubuhi hiyo, bado yana dawa mwilini, na maelekezo yanasema wazi kwamba maji ya bomba yapumzike siku nzima kabla ya kuingia kwenye tangi. Nikaona hoja yao ni ya haki. Nikayapa ufunguo wa chumba cha mwisho kwenye korido, nikayaambia chai ya asubuhi ipo.

"Chai sinywi," maji yakasema. "Ile ni ndugu zangu mliowachemsha."

Hazikupita dakika nyingi Tumpe akaja na fagio lake la kudekia, uso umekunjamana. Akaniambia mgeni wa chumba cha mwisho amelowesha godoro. Nikamwambia mgeni mwenyewe ni maji. Akasema anajua, amejaribu kuyadeki, nayo yakamjibu kwamba mtu mstaarabu hupiga hodi kwanza.

Wakati huo mapokezi imeshajaa mawe. Yamekaa kwenye viti vya wageni, yamekunja nne, yanasubiri usaili. Yalisikia tangi linahitaji mawe ya kupamba. Bosi ameketi nyuma ya meza yangu na mimi nimesimama pembeni na chupa ya siki, kwa sababu maelekezo yanasema jiwe limwagiwe siki. Likitoa povu halifai, litakuja kuharibu maji.

Jiwe la kwanza ni la mtoni, jeusi, halina maneno. Bosi analiuliza uzoefu wake. Linasema limekaa mtoni. Anauliza lilikuwa likifanya nini huko.

"Nilikaa," jiwe linasema.

Bosi analipenda jibu hilo. Anasema hawa ndio wafanyakazi anaowataka, hawali, hawaumwi, hawaulizi dirisha.

Jiwe la pili ni jeupe, zuri, limejiremba. Linaeleza jinsi lilivyo na tabia njema na jinsi linavyopenda kushirikiana na wenzake. Nalidondoshea siki katikati ya sentensi. Povu linalitoka mdomoni. Linaendelea kuongea ndani ya povu, lakini hatusikii tena. Bosi anasema povu kidogo siyo neno, dunia nzima ina povu. Anaponyoosha mkono kunizuia, tone moja la siki linamwangukia kwenye kiganja.

Kiganja kikatoa povu. Likapanda mpaka kwenye kiwiko, linachemka taratibu kama sufuria ya uji. Wote tukaangalia pembeni, hata mawe.

Bosi akajifuta kwa pazia, akasema tuendelee.

Waliofuata hawakuingia kwa mlango. Ghafla walikuwa ndani tu. Nilisikia sauti nyembamba kwenye ncha ya kalamu yangu, nikainamisha kichwa, nikaona umati usiohesabika wa viumbe wadogo wenye magodoro, ndoo na majiko yao. Mbele yao alisimama mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni, akajitambulisha kuwa ni mwenyekiti wa bakteria wema. Akasema wameitwa na maelekezo. Tangi jipya haliingizwi samaki siku hiyo hiyo. Kwanza wanahamia wao, wanazoeana na mchanga, wanatulia kwa wiki kadhaa, ndipo samaki waje.

"Samaki wakishakuja, uchafu wao tunaula sisi," akasema. "Tusipokuwepo wanakufa. Na tukiwepo hakuna anayetuona."

Tumpe akaegemea fagio lake. "Hata mimi," akasema.

Bosi hakuona kama kuna tatizo. Semina ni Jumamosi, akasema, kwa hiyo watulie leo. Mama mwenyekiti akamweleza kwamba kutulia siyo kitu cha kuharakishwa. Bosi akasema yeye nyumba hii aliijenga kwa miezi mitatu, na imetulia. Ukuta wa nyuma yake ukadondosha kipande cha plasta, akakifunika kwa kiatu. Mwishowe akasema kama ni mahali pa kusubiria, wasubiri kwenye chumba cha wafanyakazi, nafasi ipo.

Bakteria wakabeba magodoro yao wakaenda. Hawakuchukua muda wakarudi wote, wamejifunika pua.

"Pale hapakaliki," mama mwenyekiti akasema. "Nani analala mle?"

"Sisi," nikasema. "Mimi na dada Tumpe."

Umati wote ukanyamaza. Sikujua kama viumbe wadogo kiasi kile wanaweza kunyamaza kwa nguvu namna ile. Kisha wakasema poleni, kwa pamoja, kama watu waliokuja msibani, wakatandika magodoro yao chini ya meza yangu.

Majani yakafika kazini. Yamevaa ovaroli na mizizi inaburuzika sakafuni, na nyuma ya bega la mmoja wao amejibanza konokono anayejifanya hayupo. Msimamizi wao, jani refu lililokonda, akataka kuonyeshwa taa. Akasema wao hawafanyi kazi pasipo mwanga, na hili walikubaliana na jua tangu zamani sana. Bosi akawaelekeza juu ya kabati la maandazi, ambako balbu yetu ilikuwa inaning'inia kwenye waya.

Jani likainusa. "Hii ina harufu ya mkaa," likasema. "Ulikuwa wapi kabla ya hapa?"

"Chumba cha wafanyakazi," balbu ikajibu. "Nimehamishwa kikazi."

"Na kule wanatumia nini sasa?"

Balbu ikafifia kidogo, ikawaka tena. Ikaeleza kwamba kule hakuna kinachotumika. Ikasema Tumpe alikuwa akidarizi shuka jioni baada ya kazi, shuka lenyewe la harusi ya binti yake, akawa amebakiza ua moja tu pembeni. Siku balbu ilipofunguliwa na Bosi, sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye kitambaa. Haijui ua hilo limeishia wapi.

Sikuwa nimewahi kumwuliza Tumpe habari za ua hilo. Nikamtazama, naye akawa anafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Majani yakarudi nyuma hatua moja. "Sisi chakula chetu ni mwanga," msimamizi akasema. "Hatukuambiwa kwamba huu una mwenyewe."

Nilitaka kumjibu, lakini pua yangu ilijaa harufu ya mafuta ya zamani ya kukaangia. Nikageuka. Kuta za mapokezi zilikuwa vioo. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na maandishi mekundu yaliyogeuka nyuma mbele, nikayasoma polepole: MAANDAZI YA MOTO. Tulikuwa ndani ya kabati. Nje watu wa semina wamejipanga, wamebandika pua kwenye kioo, na mmoja wao ameshika kibano cha kuchukulia maandazi.

Ndipo akaingia samaki. Alikuwa mama mwenye rangi ya chungwa, mfupi, ana mkoba. Macho yake yako huku na huku, kwa hiyo aliweza kuniangalia mimi na kumwangalia Bosi kwa wakati mmoja bila kumpendelea yeyote.

"Nimekuja kuona chumba kabla sijahamia," akasema.

Bosi akasimama, akafunga kifungo cha koti. Akamsifia mandhari, mchanga wa mtoni, majirani watulivu. Samaki akauliza kichujio cha maji kiko wapi. Bosi akasema hapa tunatumia akili. Samaki akauliza kuhusu kitu cha kupashia maji joto, maana Mbeya ina baridi.

"Utajifunika," Bosi akasema.

"Na nini?"

"Maji."

Samaki akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua, akaufunga. Sijui alikuwa anapumua au anameza hasira. Halafu akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma, mtu akimhamishia samaki mahali papya anatakiwa afanye nini kwanza. Nikamjibu kama nilivyosoma: samaki hamwagwi tu. Anaachwa ndani ya mfuko wake, mfuko unaelea juu ya maji mapya, na kila baada ya muda unamwongezea kikombe cha maji hayo mpaka azoee.

"Vizuri," samaki akasema. "Basi mwenye nyumba aanze. Aelee kwenye chumba anachowapa wengine."

Ukatafutwa mfuko. Ulipatikana nyuma ya ndoo za usafi, umejikunja, unatetemeka. Ni mfuko mkubwa wa plastiki, wa enzi zile. Ukanong'ona tusiutaje kwa jina, serikali imeupiga marufuku, unaishi kwa kujificha. Samaki akauhakikishia kwamba hakuna atakayepiga picha. Ukakubali kwa shingo upande.

Bosi akauliza hiyo huduma ya kuelea ni kiasi gani. Samaki akamwambia ni bure. Bosi akavua koti, akaingia mwenyewe.

Tumpe akafunga mdomo wa mfuko kwa mpira wa kufungia nywele zake. Yale maji ya chumba cha mwisho yakawa yameamka, yamepumzika vizuri, yakaja yanatiririka koridoni bila haraka, yakatubeba sote mpaka nyuma ya jiko. Tukausukuma mfuko ndani ya chumba chetu. Ukaanza kuelea kati ya kitanda changu na cha Tumpe. Giza lilikuwa lile lile, lakini katika ndoto niliweza kuliona vizuri sana.

Samaki akampa Tumpe kikombe cha bati. Tumpe akachota baridi ya ukutani, kikombe kimoja, akamimina ndani ya mfuko. Bosi akasema ni ya kawaida, anaivumilia. Tumpe akasubiri. Akachota vumbi la mkaa lililobaki kwenye nyufa, akamimina. Akachota mngurumo wa pampu ya maji iliyo nyuma ya ukuta, ule unaoanza kila tunapopitiwa na usingizi. Akachota moshi wa jikoni. Kila akimimina anasubiri kwa heshima, kama anavyosubiri nje ya mlango wa mgeni, kisha anamimina tena.

Bosi amekunja magoti mpaka kidevuni. Anapapasa plastiki.

"Dirisha liko wapi?" akauliza.

"Bosi, Mbeya hakuna joto," Tumpe akamwambia kwa upole.

Kisha akaniita mimi, kwa sauti ile ile anayoniitia kutoka ofisini. "Subi, washa taa."

Nilikuwa na jibu. Nililibeba tangu siku alipopanda juu ya kitanda na viatu. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikawakaribisha nalo wageni nikitabasamu. Sasa samaki alikuwa ananiangalia kwa jicho la kushoto. Nikawaza mdogo wangu na shule. Nikawaza sare, ambayo ni ya Bosi. Nikafungua mdomo.

"Taa uliichukua wewe," nikasema. "Tunaomba uirudishe."

"Taa ni moja," Bosi akasema kutoka ndani ya mfuko. "Nikiwapa ninyi, samaki watakaa gizani."

"Sisi bado hatujahamia," samaki akasema. "Mpaka sasa hivi mnamulika udongo."

Bosi akasema watu wa semina lazima waone kitu. Povu likamtoka kidogo. Akasema hata hivyo sisi kwake ni kama familia. Povu likaongezeka. Akasema mwezi ujao ataleta balbu nyingine, na dirisha, tena la kioo cha kusukuma. Hapo povu likajaa mfuko mzima, hatukumwona tena, isipokuwa viganja vyake viwili vilivyobanwa kwenye plastiki.

Nikamwuliza Tumpe kama tumfungue. Samaki akasema maelekezo ni kusubiri mpaka azoee.

"Hapana," Tumpe akasema. "Akizoea ndiyo basi tena. Si unatuona sisi?"

Nikashika mpira, nikauvuta. Maji, povu, mkaa na Bosi vikamwagika kwa pamoja, nami nikaamka.

Palikuwa giza. Sikuweza kujua kama kumekucha mpaka niliposikia Tumpe anapapasa ukutani, anatafuta viatu. Sikumsimulia ndoto. Nilijifunga kanga, nikatoka mpaka ukumbini. Kabati la maandazi lilikuwa linawaka peke yake, maji yamechafuka kidogo, majani yamelala upande, hakuna samaki hata mmoja. Niliangalia ule mwanga unavyomulika udongo. Nikapanda juu ya kiti, nikazima, nikafungua balbu. Ilikuwa bado ya moto. Nikaizungushia upindo wa kanga nikarudi nayo chumbani kama mtu aliyeiba kuku.

Ilipowaka Tumpe alijiziba macho kwa mikono miwili. Alipoishusha mikono aliangalia kuta, akaangalia miguu yake, kisha akavuta boksi lake chini ya kitanda. Shuka lilikuwa juu kabisa, na sindano imechomekwa. Akalipapasa ua lile ambalo halijaisha.

"Bosi atasemaje?" akauliza.

Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua. Nilioga, nikavaa sare, nikafunga na nguo zangu nyingine kwenye mkoba, ili akinifukuza nisimwombe tena ruhusa ya kurudi kuzichukua.

Ilikuwa ndiyo Jumamosi yenyewe, na Bosi alifika kabla ya watu wa semina. Alisimama mbele ya tangi lenye giza. Mimi nimesimama nyuma ya meza yangu, na sentensi yangu ipo mdomoni. Aliangalia waya uliobaki unaning'inia. Akageuza kichwa taratibu kuelekea koridoni, ambako mwanga wa chumba chetu ulikuwa unatokea chini ya mlango. Akaangalia hapo muda mrefu kuliko mtu anavyoangalia mlango.

"Samaki wasije leo," akasema. "Maji yatulie kwanza. Wiki kadhaa."

Nikamwuliza hayo kayasikia wapi, maana maelekezo nilisoma mimi na yeye hakutaka kusikia hata mstari mmoja. Akasema tu kwamba hakulala vizuri. Habari ya balbu hakuigusa, wala mimi sikuigusa.

Akaomba funguo za stoo ya vifaa, akanyoosha mkono. Nguo zake zilikuwa kavu, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Nikamwekea funguo kiganjani. Ndipo nikaona vidole vyake. Ncha zote zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, zimejaa mifereji midogo, kama za mtu aliyeshinda anafua. Na Bosi tangu nimjue hajawahi kufua hata leso.